Mizunguko Sabini na Tano

Saa mbili na robo asubuhi, Vaasa bado giza totoro.
Nakwangua barafu kwenye kioo cha gari
na Irja yumo ndani, mikono mapajani,
kama furushi ambalo mwenyewe kalisahau.
Hanung'uniki. Laiti angenung'unika.

Tangu Septemba ameacha kugombana nami.
Madaktari wana jina lake: sonona.
Mimi nilikuwa na jina jingine, kimya,
na kimya hicho kilikaa nasi mezani, kikalala kati yetu,
kikaanza kumeza hata majina:
la jirani, la mtaa, la mbwa tuliyemzika,
siku moja la binti yetu Oona,
kwenye simu, Oona mwenyewe akisikia.

Vidonge tulijaribu vya aina tatu.
Vya kwanza vilimnenepesha, vya pili vilimnyima usingizi,
vya tatu vilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Siku ya kwanza Daktari Nygård alitafuta mahali.
Hakushika kisu, wala sindano, wala hakumlaza.
Aliegemeza koili kichwani, akabonyeza,
kidole gumba cha mkono wa kulia kikaruka.
Irja akakitazama kidole chake
kama mgeni aliyeingia bila hodi.
"Hapa ndipo pa mkono," daktari akasema.
"Sasa tusogee mbele, sentimita sita hivi,
tukabishe kwenye huzuni."

Koili. Neno hilo lilimfanya ainue macho.
Miaka thelathini na mmoja kiwandani
alizungushia vyuma vya mota waya wa shaba,
akihesabu kwa midomo bila sauti,
mia mbili na arobaini, fundo, mkasi, nyingine.
Sijui ni lifti ngapi duniani zinapanda kwa vidole vyake.
Na sasa shaba imerudi,
imesukwa na mtu asiyemjua, imevishwa plastiki nyeupe,
inamgonga.

Ta-ta-ta-ta, gogota kwenye mti mkavu.
Sekunde nne. Kisha kimya cha sekunde ishirini na sita.
Tena. Paji linatetemeka, jicho la kushoto linajifumba.
Mimi nimekaa kando ya ukuta, koti sijalivua,
najiuliza sumaku imeijuaje njia ya humo ndani
ilhali mimi, miaka arobaini, bado nabahatisha.

Wiki ya kwanza, hamna. Ya pili, hamna.
Daktari alikwisha sema: wapo wanaopona, wapo wa nusu,
wapo wasioona kitu.
Sikumchukia kwa kusema kweli, wala sikumshukuru.
Wiki ya tatu Irja aliumwa kichwa, akaomba dirisha lifunguliwe.
Nikaandika kwenye kalenda: ameomba dirisha.

Siku ya kumi na tisa mashine ikanyamaza,
muuguzi Päivikki akaanza kulegeza mkanda.
"Sabini na nne," Irja akasema.
Sote tukageuka.
"Hupiga mara sabini na tano. Leo imekula moja."
Päivikki akachungulia skrini. Kweli,
koili ilipata joto, ikajizima kabla ya mwisho.
"Waya mwembamba," Irja akasema,
"au aliyeuzungusha alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani."

Sijui kama huko ndiko kupona.
Jana tena alisahau mtaa wetu, akautaja wa utotoni.
Usiku alilia, sababu akaitafuta, asiipate.
Lakini leo, tukirudi, jua limechungulia juu ya bahari iliyoganda
na yeye ananiambia naendesha kama bibi kizee,
kahawa yangu ni maji ya kuoshea sufuria,
koti hili alikwisha niambia nilitupe,
na kwa nini, hasa kwa nini, sijampigia Oona.

Napunguza mwendo.
Asije akamaliza kabla hatujafika.